Makofi matatu mu Silansi ya nusu saa

Jumatatu, saa nane ya mchana. Baridi ya mwezi wa saba imepunguka kidogo, lakini upepo umeleta vumbi nyekundu mpaka ndani ya sahani.

Hivi sasa, dakika tano hazijapita, mutoto yangu Dorka amepiga magoti mbele ya jogoo ya jirani.

Sisemi kwa kucheza. Jogoo ilipita mu tundu ya ukuta, ikaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, kutafuta mabaki ya bukari, ni kusema ugali. Dorka alikuwa anaikala ku kizingiti. Akaitazama muda. Kisha akashuka polepole, goti moja, goti ya pili, akakunja mikono yake midogo kama mutu mwenye kuteka maji, akapiga: po, po, po. Makofi matatu, ya pole, yenye sauti ya ndani. Akainamisha kichwa na akangoja.

Jogoo ikapiga mabawa mara moja. Ikaenda zake.

Mi nilikuwa na mikono mu maji ya sabuni, nikaanza kulia kama mujinga. Nimejipangusa, nimekamata telefone, niko naandika hapa ku mulango ya jiko, kwa sababu nisiposema hii kwa mutu nitapasuka.

Jogoo imeitika. Nabii wetu hakuitika.

Niseme mambo toka mwanzo. Dorka iko na miaka mitatu na nusu, na hajasema neno. Hata moja. Anacheka, analia, anavuta pagne yangu, kitenge ya kiuno, akitaka maji, lakini mudomo wake hautoe jina la kitu wala la mutu. Masikio yake ni mazima. Muganga wa dispansere, mwanamuke mupole, alitikisa funguo nyuma yake, Dorka akageuka. Akanong'ona jina lake, Dorka akageuka tena. Akaniambia kuna batoto benye banachelewa, niongee naye kila siku kama vile ananijibu, nimurudishe mwezi wa tisa. Ninafanya vile. Ninamuongelesha mpaka bajirani banafikiri niko na kichaa.

Mwezi wa tano nilimupeleka Kasenga kwa mama yangu, mwenye kuuzisha samaki ya kukauka pale ku muto Luapula. Mama hakuniuliza juu ya nini mutoto hasemi. Alimutazama tu, akamukamata mikono, akamufundisha salamu.

Kule kwetu mutu mukubwa akifika, mudogo hamurukie na maneno. Anashuka, anapiga makofi, anangoja. Ni mukubwa ndiye anafunguaka maneno. Anaitika na makofi yake, moja ao mbili, kisha anauliza habari. Na mukubwa mwenye kukataa kuitika, aibu ni yake. Ule mwenye alipiga magoti amekwisha kufanya kazi yake.

Mama alinisemea hivi, na ninaikumbuka: "Batu banafikiri kusema ndiko mwanzo. Mwanzo ni kungoja."

Siku mbili tu, Dorka alikuwa anajua. Alisalimia banunuzi ba samaki, alisalimia bazee, alisalimia mbuzi. Bote baliitika, mbuzi tu ndio haikuitika. Mutoto alikuwa anang'ara. Mara ya kwanza mu maisha yake alisema kitu na bantu balijibu.

Tukarudi Lubumbashi na mutoto mwenye iko na salamu.

Na mi nikaificha.

Tunaishi kwa mama mukwe, hapa Katuba. Bazazi bake balitoka Kasai, yeye alisoma mpaka kumaliza sekondari, anauzisha pagne ku soko na anaongea Kifaransa na bateja bake bila kutoka jasho. Mi niliachia mwaka wa pili. Alipoona Dorka anashuka mbele yake na kupiga makofi, aliniuliza ni nini. Niliogopa atasema ninaleta pori mu nyumba yake. Nikamujibu: anachezaka tu.

Uongo mudogo. Lakini uongo ni kama katoto, ukigeuza macho kamekomaa.

Sasa nabii.

Ninamuita "nabii wetu" kwa mazoea. Mazoea ni kama kuishi karibu na choo ya shimo, siku moja pua inachoka na unasema hakuna harufu. Mama mukwe anaomba kule miaka sita, na mi nilipoolewa nilifuata pagne yake.

Huyu mutu sijawahi kumusikia ananyamaza. Kanisa yake iko na bafle mbili, spika kubwa kama kabati ya ndoa, na zimeelekezwa ku barabara, kwa sababu benye bako ndani bamekwisha kuingia. Anaombea mu mikro, anakohoa mu mikro, anakunywa maji mu mikro. Siku moja alitafuna kitu mu mikro na bantu balisema Amina. Na ndiye Mungu, kumbe, alichagua kuleta kimya mu Lubumbashi.

Wiki tatu zilizopita alifungua Ufunuo, akakuta fasi yenye kusema kwamba mbinguni kulikuwa kimya kama nusu saa. Mustari moja. Akasimama pale. Akatutabiria: siku ya Mungu ya tatu yenye kukuja, saa tano kamili, mbingu itanyamaza tena, juu ya kanisa letu peke yake, hapana juu ya ile ya jirani. Majibu ya maombi yote yatashuka mu ile nusu saa. Na mutu akivunja kimya, majibu ya bantu bote yatarudia juu.

Ikapewa jina: Silansi. Bamama balikuwa banaulizana ku robine, na ndoo ku kichwa, uko tayari kwa Silansi?

Silansi ilifanyiwa mazoezi. Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, tulienda kujifunza kunyamaza, tukakosea, tukarudilia. Kwaya ilitunga wimbo ya kukaribisha Silansi, na ngoma tatu ndani. Ku ukuta balitundika kitambaa na maneno ya nabii Habakuki juu ya dunia kunyamaza mbele ya Bwana, na chini ya ile maneno balitia picha. Si ya Bwana. Ya nabii wetu, kidole ku mudomo.

Jana sasa. Kwanza alitufafanulia Silansi mu mikro muda wa saa nzima. Nyuma ya ukuta mashine ya umeme ilikuwa inanguruma ili mikro ipate nguvu ya kutuambia tusiseme kitu. Mi ni mwanamuke wa masomo kidogo, lakini hata mi niliona.

Kisha protokole, ni kusema bale bijana ba glavu nyeupe benye kupanga bantu mu viti, bakaanza kuchuja batoto. Bamama ba batoto ba maziwa balitumwa inje, ku benchi ya karibu na choo, mu baridi. Balikuwa saba. Mbingu ilikuwa inakuja kushuka na bale balikuwa banafunika batoto na pagne kwa sababu ya upepo.

Musichana wa protokole akafika kwetu, akauliza kama Dorka analiaka. Mama mukwe akajibu mbele yangu: "Huyu? Huyu hasemake kitu."

Musichana akacheka na furaha. Akatupeleka mustari ya mbele. Nabii mwenyewe akashuka, akaweka mukono ku kichwa cha Dorka, akasema mu mikro tutazame mutoto hii, Mungu ametuletea mufano, anajua Silansi kupita bakubwa. Bantu bakapiga kelele ya furaha juu ya kimya ya mutoto.

Shingo ya mama mukwe ikarefuka. Na ya kwangu pia. Niandike kweli: nilijisikia mama wa mutu.

Saa tano, nabii akatoka na mulango ya pembeni juu ya kuweza kuingia tena. Katikati balikuwa bameweka kiti kimoja kirefu, kimefunikwa na kitambaa ya rangi ya zahabu. Balizimisha mashine. Protokole moja akainua mukono wa glavu.

Kimya.

Nitasema kweli hata kama sipendi kuisema: dakika mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Nilisikia mabati yanalia kwa sababu ya jua. Nilisikia bantu banapumua. Nikafikiri, pengine Mungu anapitaka hata kwa mulango ya bapumbavu, kama hakuna mulango ingine.

Nabii akaingia, polepole, koti refu, bilatu nyeupe ku miguu. Hakuna mwenye kutikisika.

Dakika ya nne telefone ikalia. Tukafunga macho juu ya aibu ya ule mwenye telefone. Ilikuwa mu koti ya nabii. Akaitosha inje, akaitazama, akajibu, mukono ku mudomo, lakini nyumba ya mabati haijue kutunza siri.

"Niko mu Silansi, unipigie nyuma," akasema. Kisha: "Ile kamyo ya mizigo imevuka mupaka ya Kasumbalesa, ao bado?" Akasikiliza. "Basi, ungoje."

Akaitia mu koti. Akafunga macho. Hakuna mutu alitazama mwenzake. Majibu hayakurudia juu, inaonekana mbinguni bako na njia ya pembeni kwa kamyo.

Na ndipo akaikala ku kile kiti. Akapanua koti, akaweka bilatu nyeupe juu ya kiti kidogo cha miguu, akainua kidevu.

Dorka akamuona.

Ninataka mutu mwenye kusoma hapa aone na macho ya mutoto. Mukubwa amefika. Ameikala. Bantu bote bananyamaza na banamutazama. Mutoto mwenye alifundishwa adabu anafanya nini? Akateremuka ku kiti, goti moja, goti ya pili. Akakunja mikono. Po, po, po. Akainamisha kichwa mbele ya bilatu nyeupe, na akangoja.

Mu ile kanisa nzima, mutoto yangu tu ndiye alikuwa ananyamaza vile bananyamazaka mbele ya mukubwa. Bengine tulikuwa tunafunga tu mudomo.

Nabii akafungua jicho moja. Kisha ya pili. Ningetoa kila kitu aitike. Kofi moja tu. Hata kidole juu ya kidole.

Akauliza mutoto huyu ni wa nani. Ule ule mwenye alikuwa anamushika kichwa, nusu saa haijapita.

Nikasimama. Akaniuliza anafanya nini na mikono.

Jibu lilikuwa pale, ku ulimi. Anakusalimia, Papa, umuitike. Maneno ya mama yangu, ya bazee ba kwetu bote. Mama mukwe alikuwa ananitazama, protokole banatazama, ule kitambaa na kidole ku mudomo inanitazama. Nikasema: "Pardon, Papa Profete, anachezaka tu."

Na nikamupiga Dorka ku mikono. Yote mbili.

Hakulia. Alitazama mikono yake, kama vile haijue.

Ninamuzarau ule mutu wa kiti. Ninazarau bafle zake na koti yake na mazoezi yake ya kunyamaza. Lakini mutu wa kwanza wa kuzarau mu hii hadizi, jana saa tano na dakika tisa, ilikuwa mi.

Yenye ilifuata mutaiwaza. Alisimama akahubiri juu ya kimya kilichovunjika, muda kupita ile kimya yenyewe, na mashine bakaiwasha tena ili asikike muzuri. Akasema mudomo wa mutoto umefungwa na pepo bubu, sasa pepo imehamia mu mikono. Akasema majibu yalikuwa yamefika ku mabati na yamerudia. Mama moja nyuma yetu, mwenye kijana yake anatafuta kazi tangu zamani, akaanza kulia na sauti kwamba jibu lake lilikuwa karibu. Yeye simucheki. Alikuwa anangoja kweli, na balimuibia kungoja kwake, halafu bakamuonyesha mutoto wa miaka mitatu kama ndiye mwizi.

Mu mulango nikasikia neno. Mutu alisema polepole: mulozi. Muchawi.

Hili neno, mu hii muji, halichezewe. Batoto benye baliitwa vile tunabaonaka ku soko, banalala chini ya meza za bamama, na bamama banabafukuza asubui na fagio. Kila moja alikuwa na nyumba. Kila moja alianza na mutu wa kusema polepole mu mulango.

Nabii akaamuru: Jumatatu saa kumi protokole bafike kumukamata. Siku tatu mu chumba ya nyuma ya kanisa. Hakuna chakula, hakuna maji, mpaka afungue mudomo na kuita jina la Yesu.

Mutoto mwenye hajaita hata mama.

Mama mukwe ndiye alisema Amina ya kwanza.

Njia nzima ya kurudi nilijaribu kumuzarau na yeye, sikuweza. Alikuwa anabeba Dorka ku mugongo, na kila mara mikono yake inakaza tena fundo la pagne. Wakati wa malaria ya mwaka jana alimubeba vile vile mpaka dispansere, kwa miguu, mvua yote inamunyeshea. Aliniambia bila kunitazama: "Afazali bamuombee kuliko bamuite ile jina." Ni woga tu. Woga ya mutu mwenye anapenda inafanana sana na ubaya, ukiitazama haraka.

Nilipigia Papa Dorka, bwana yangu, yeye iko Kambove, anachimba madini. Aliniambia nisikilize mama yake. Kisha rezo ya telefone ikakatika. Rezo ya mabwana inajuaka fasi ya kukatika.

Toka ile saa Dorka aliweka mikono chini ya makwapa. Hakuitosha. Hakuitosha kwa mukate, hakuitosha kwa maji ya kunawa, nilimulisha bukari mu mudomo kama katoto ka maziwa. Alikuwa na neno moja tu duniani, na mama yake alilipiga mpaka likajificha.

Asubui ya leo, maji ikiwa ku mbabula, jiko ya makaa, nikakamata Biblia ya mama mukwe. Ninasomaka polepole, kidole chini ya maneno. Nilitaka kuona ile nusu saa na macho yangu. Nikaipata. Na mi sikusimama ku ule mustari.

Ninyi munajua nini kinafuata? Malaika anasimama ku mazabahu na buvumba, na maombi ya batakatifu inapanda mbele ya Mungu pamoja na moshi. Ni vile. Mbingu inanyamaza, na maombi inapanda. Sikusoma teoloji, na mutu mwenye anajua anisahihishe, lakini mi niliona mama mu nyumba, mwenye kuambia batoto bakubwa banyamaze kidogo, kwa sababu ule mudogo anataka kusema.

Kama mbingu ilinyamaza kweli jana juu ya yale mabati, basi ilisikia nini? Kamyo ya Kasumbalesa, na makofi matatu.

Ilichagua gani?

Nikatafuta na Habakuki, ule wa kitambaa. Ni kitabu kifupi, hata mi nilikimaliza. Mbele ya ile maneno ya dunia kunyamaza, nabii anachekelea bantu benye banaambia muti uamuke na banaambia jiwe bubu lisimame. Banapakaa zahabu juu yake, ndani hakuna pumzi. Anachekelea kabisa, kama mutu wa Katuba. Kisha ndipo anasema Bwana iko mu fasi yake, munyamaze.

Nikawaza kile kiti na kitambaa yake ya rangi ya zahabu. Nikacheka peke yangu mpaka maji ikamwangika. Ule mutu alitundika ku ukuta yake maneno yenye inamuhukumu, na akatia picha ili tusikosee ni nani.

Kuchekelea kulinipa nguvu kupita maombi, Mungu anisamehe. Mama mukwe alikuwa anafunga muzigo yake ya pagne. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikamwambia.

Nikamwambia ile ya mikono si muchezo. Ni salamu ya kwetu, mama yangu alimufundisha. Jana Dorka alikuwa anamuheshimu Papa Profete, na Papa Profete ndiye hakujua kuitika. Nikamwambia na weye, mama, mwezi moja na nusu mutoto anakusalimia kila asubui, na haujamujibu hata siku moja, na kosa si yako, ni yangu, kwa sababu nilikudanganya. Niliona haya juu ya kwetu.

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alinitazama, akatazama Dorka mwenye kuikala na mikono chini ya makwapa. Akaweka muzigo ku kichwa na akatoka. Mulango ya lupango hakuifunga hata.

Ile ndiyo Silansi ya kwanza ya kweli nimesikia tangu wiki tatu.

Alisema jana atarudi saa tisa, amuogeshe mutoto mbele ya saa ya protokole kufika. Nimejipanga. Saki iko nyuma ya mulango ya jiko: nguo tatu za Dorka, blanketi, mukate. Akibafungulia, nitapita mu tundu ya jogoo, ni kubwa ya kutosha kama nitavua koti. Nitaenda mpaka kule bamotokari ba Kasenga banapakia, mutoto ku mugongo. Ninajua nikitoka vile, pengine mu hii nyumba sitarudi tena, na Papa Dorka atachagua upande, na ninajua upande gani. Ninaogopa. Ninaandika na vidole vyenye baridi na si juu ya mwezi wa saba.

Lakini mikono ya mutoto imetoka. Kwa jogoo, sawa. Imetoka. Mwezi wa tisa tutaenda kwa muganga wa funguo, na mutoto atasema neno yake siku yenye atataka, ao asiseme, na tutaongea na makofi mpaka tuzeeke.

Na nabii, kama anataka Silansi, atoshe kwanza betri mu ile telefone, kisha atoke ku kile kiti, apige magoti chini, kwa vumbi, pale Dorka alipigia, angoje. Asitabiri. Angoje tu. Nitampa nusu saa. Hatamaliza dakika tano.

Mungu, na weye ninakuuliza, hapana kwa hasira: jana uliitika? Nilikuwa ninapiga mutoto yangu na sikusikia.

Mulango ya lupango inalia.

Ni mama mukwe. Saa tisa haijafika. Iko na muzigo ku kichwa, haujapunguka, inaonekana hakuuzisha kitu. Iko peke yake. Nimeshika saki.

Dorka amemuona. Amesimama ku kizingiti, mikono nyuma. Usiende, Dorka. Anaenda. Amevuka lupango, amefika mbele yake. Goti moja. Goti ya pili.

Po, po, po.

Mama mukwe amesimama. Hatembei. Anashusha muzigo chini, mu vumbi, pagne zote za bateja mu vumbi. Anapangusa mikono ku nguo yake. Sasa na yeye anashuka, na ile magoti yake yenye kuuma, anashika mulango na mukono moja, amefika chini. Amepiga kofi. Bapa kama sahani, mikono ya kunyoka, kofi ya kanisa, lakini amepiga. Dorka anatazama ile mikono. Anacheka. Anaikamata, anaikunja yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, na mama mukwe hajue kama anacheka ao analia, na ananiita, ananiita na sauti kubwa: "Mama Dorka, kuja unionyeshe vile banaitikaka kwenu, huyu ananikosoa. Na funga kwanza hii mulango na komeo, bale ba glavu basitukute wazi."

Ninakuja, mama. Mikono haikazwe, inaachwa na fasi ndani, kama vile mutu amebeba maji na hataki imwangike. Ninaweka telefone chini.